Nyota ya Saa Tatu

"Usinisemeshe kwanza, Bi Shida. Dawa imeshamwagwa."

Adija alisema hivyo bila kuinua kichwa. Kioo kilikuwa kimelazwa juu ya meza, kimesawazishwa kwa pimamaji na kipande cha karatasi chini ya pembe moja, na juu yake dawa ya fedha ilikuwa imetanda bila kuvuja hata tone. Dakika ya kwanza hapakuonekana kitu. Ya pili dawa iligeuka kahawia, kisha ikawa nyeusi tititi, na mtu asiyeijua kazi hii ya kupaka vioo fedha angesema imeharibika. Kumbe ndani ya weusi huo fedha ndiyo kwanza inajishika kwenye kioo. Ukiwahi kuitoa, unapata utando tu wa kuonea pua. Ukichelewa, inachafuka na kuwa nyeupe kama jicho la samaki wa kuchemsha. Mwenye kazi husimama akatazama, wala hasemi na mtu.

Lakini Bi Shida hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Alikuwa mpika vitumbua, mnene wa mwili na mnene wa maneno, na alikuwa ametembea juani kutoka mtaa wa Kiusa mpaka Majengo, humo humo mjini Moshi, kwa haja yake.

"Basi nitasema mwenyewe, wewe sikiliza," alisema, akajiweka kwenye kigoda. "Nataka kioo. Si cha kujitazama, sura yangu naijua. Nataka cha kutundika uani, kiangalie mlima. Kuna mtu kule juu ananirushia jambo."

"Jambo gani?"

"Nyota. Nyota ya mchana, mwanangu! Saa tatu asubuhi, watu wana akili zao, inawaka kule mlimani chini ya msitu na kunipiga machoni. Vitumbua vinaniungulia. Nimemwuliza shehe, akasema ni bati la mtu. Bati gani hilo linalonijua mimi? Nimeshauriwa nitundike kioo, kimrudishie mwenyewe hasadi yake."

Adija alitabasamu. "Kioo ukikitundika tu hakimrudishii mtu kitu, Bi Shida. Mwanga ukiingia kwa mwinamo huu, unatokea upande wa pili kwa mwinamo uleule. Utammulika jirani yako."

"Basi atapata jirani."

"Na shehe hajakosea. Bati nalo ni kioo kibovu. Jua likilipata vizuri litakumulika, dakika mbili tatu, jua likisogea limekwisha."

"Dakika mbili? Hii inakaa mpaka saa nne, mpaka mawingu yafunge mlima!"

Mkono wa Adija ulisimama hewani.

"Mahali palepale?"

"Palepale. Uani kwangu naiona. Nikienda dukani barabarani, haipo. Nikirudi, hiyo, inanisubiri. Mwaka wa pili huu tangu nipange pale, na mpangaji niliyemkuta alikuwa akiiona naye. Tena haiwaki moja kwa moja. Inapepesa. Mara tatu, inazima. Mara tatu, inazima. Siku hizi inayumba kama mlevi, inapotea kabisa, halafu hiyo tena."

"Nyumba gani unayokaa, Bi Shida?"

"Ile ya mpera, nyuma ya msikiti."

Adija alipoinamisha tena macho mezani, fedha ilikuwa imeshakuwa nyeupe. Ulikuwa mwaka wa nne hajaharibu kioo.

*

Kabla hajawa Adija alikuwa Yuditha binti Filemon, wa Kidia, kule Old Moshi ambako migomba na kahawa hubanana mpaka mlangoni mwa nyumba. Filemon alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na mtu wa neno moja. Watu wa neno moja husifiwa sana mazishini, lakini kuishi nao, tuseme ukweli, ni kazi. Mkewe alifariki mapema, akamwachia binti wa miaka minne na mtoto wa kiume, Eliamini, ambaye hata kutambaa hajaanza. Ndugu walimshauri aoe. Hakuoa. Kuzaa si kazi, kazi kulea, naye kazi hiyo aliibeba peke yake; alipika, alifua, akamsuka binti yake nywele vibaya kiasi kwamba kila Jumapili wanawake wa kanisani walimfumua na kumsuka upya.

Katika ujana wake, wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, Filemon aliwabebea askari wa Kijerumani kioo cha ishara, chombo cha miguu mitatu cha kupelekeana habari kwa mwanga wa jua kutoka kilima hadi kilima. Mjerumani alishindwa, akaenda zake. Kioo kikabaki chini ya kitanda cha Filemon. Sasa, kila Mchagga mwenye kihamba chake juu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, ana pia shamba la mahindi na ulezi huko chini tambarare, na Yuditha alipofikia umri wa kushika jembe alishuka na wanawake kulima. Baba yake alikisimamisha kioo ukingoni mwa kihamba, akawa anamwita nacho. Mipepeso mitatu: panda nyumbani. Yuditha alijibu kwa kipande cha kioo alichofunga kwenye pindo la khanga, mwako mmoja mrefu: nimekuona. Wenzake walimcheka kwamba baba yake anamchunga kama mbuzi. Yeye alijivuna, kwa maana hakuna mwingine pale shambani aliyeitwa kwa jua.

Alimfundisha pia kulenga. Unakwaruza tundu dogo kama punje ya ulezi katikati ya fedha, unachungulia kwa nyuma. Unasimamisha kijiti mbele, ncha yake ifunike mahali unapopataka. Kisha unageuza kioo mpaka kivuli cha lile tundu kitue kwenye ncha ya kijiti. Hapo mwanga wako umefika, hata kama wewe mwenyewe huuoni. "Jua halisubiri, mwanangu," alimwambia. "Kila baada ya pumzi chache, ligeuzie kioo." Alimwambia pia kwamba mwanga huondoka na upana wa kioo, lakini kwa kuwa jua si nukta bali ni duara, hutanuka njiani, na ukifika mjini unakuwa na upana wa kiwanja cha mpira. Aliye ndani ya upana huo anaona nyota. Aliye nje yake haoni kitu, hata akodoe macho.

Halafu akaja Sadallah, fundi vioo wa mjini, kuweka vioo kwenye madirisha ya kanisa. Kazi ya wiki mbili ilichukua mwezi na nusu, na vioo vikawa vinavunjika kwa namna ambayo fundi mzuri hawezi kuieleza. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Filemon alipoambiwa kwamba binti yake anataka kuolewa mjini na kuifuata dini ya mumewe, hakupiga kelele. Alisema neno moja, mbele ya Eliamini na majirani wawili: "Ukitoka, jina lako lisitamkwe tena kwenye kihamba hiki. Wala habari zako. Wala kwa heri wala kwa shari." Na kwa kuwa ni yeye, halikutamkwa.

Mwaka uleule wa kwanza, miaka sita iliyopita, siku ya Krismasi, Adija alipanda na mumewe kwenda kumwomba radhi. Filemon aliwaona wakiingia. Aligeuka, akapita katikati ya mikahawa, akaketi chini huko ndani mvua ikimnyeshea mgongoni, wala hakuinuka mpaka walipoondoka. Adija alilia njia nzima. Aliapa kwamba hatampeleka tena baba yake kuketi mvuani.

Lakini kumwita kwa mbali hakukatazwa na mtu. Walikuwa wamepanga Kiusa wakati huo, kwenye nyumba yenye mpera, na kutoka uani ukingo wa kihamba cha Kidia ulionekana, mstari mwembamba wa kijani chini ya msitu. Basi msimu mzima wa kiangazi, kila asubuhi ya mawingu machache, Adija alisimama pale na kioo chake. Mwako mmoja mrefu. Nimekuona, nimekuona. Mlima haukujibu. Mwenye nyumba alipoiuza wakahamia Majengo, na akaacha.

Na sasa wiki mbili zilikuwa zimepita tangu Eliamini ashuke na habari. Alikuja siku ya soko, akakataa chai, akaketi akizungusha kofia mkononi.

"Dada, mzee anapofuka. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. La kulia limeshafunga. La kushoto linabakiza ukungu, anajua tu kama ni mchana. Daktari wa misheni anasema masika haya yakipita hatakuwa na kitu."

"Ameniulizia?"

"Hapana, dada. Sikudanganyi."

"Anashindaje?"

"Anakaa ukingoni na lile jioo lake la Kijerumani. Anasema anafukuza ndege kwenye ulezi. Ulezi wenyewe tumeshavuna tangu lini! Nami sina mdomo wa kumwuliza."

*

Sadallah alirudi alasiri, akakuta kioo kilichoharibika kimeegemezwa ukutani na mkewe ameketi mbele yake, mikono mapajani. Vidole vya Adija vilikuwa vyeusi siku zote, kama vya mwanamke aliyemenya ndizi mbichi, kwa kuwa dawa ya fedha ikikugusa ngozi haitoki mpaka ngozi yenyewe itoke. Siku hiyo alivitazama kana kwamba ameviona leo.

"Mke wangu, nani amekufa?"

Alimweleza yote. Nyota inayokaa saa nzima mahali pamoja, wakati jua halikai. Maana yake kuna mkono unaogeuza kioo, pumzi baada ya pumzi. Mipepeso mitatu. Nyumba ya mpera.

"Aliiona miako yangu," alisema. "Msimu ule wote aliiona, Sadallah, akapima kijiti chake sawasawa na pale nilipokuwa. Hasira zilipompoa akajibu, na mimi nimeshahama. Nani angemwambia tumehama? Alikataza mwenyewe jina langu. Anaita nyumba ya watu wengine, miaka yote hii, anadhani ni mimi nisiyejibu!"

Sadallah aliketi kando yake. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakutania.

"Basi twende," alisema. "Kesho alfajiri. Tupande."

"Na kama ni ndege kweli? Na kama mkono umezoea tu, wazee hawana kazi? Nimeshauona mgongo wake mara moja. Siwezi mara ya pili. Nataka anijibu kwanza."

"Hakuoni, mke wangu. Eliamini amesema ukungu."

"Ukungu unapitisha mwanga. Nikiwa na mwanga wa kutosha ataona." Aligeuka akatazama pembeni, ambako kioo kikubwa kuliko vyote vya dukani kilisimama kimefunikwa shuka. Kilikuwa cha kabati la harusi la mwalimu mmoja wa Kibosho, kirefu kama mtu, kioo kinene cha Ubelgiji kisicho na wimbi hata moja. Kioo chenye mawimbi hutawanya mwanga njiani ukafika umechoka. Hiki kingefikisha. Kioo kikubwa hakiongezi upana wa nyota, huongeza ukali wake, na ukali ndio aliouhitaji.

Sadallah alifuata macho yake. Kulenga kwa kioo ni lazima tundu, na tundu katikati ya kioo cha bwana harusi ni aibu ya fundi.

"Kwaruza," alisema. "Nitamwambia mwalimu asubiri wiki. Akiuliza sababu nitamwambia mkwe wangu alihitaji kujitazama."

Adija alicheka huku machozi yakimtoka, akachukua sindano.

*

Asubuhi ya kwanza mlima haukuonekana kabisa. Walisukuma mkokoteni mpaka Kiusa, kioo kikiwa kimelazwa juu ya godoro kama mgonjwa, na wakasimama uani kwa Bi Shida mpaka adhuhuri wakitazama mawingu meupe yaliyoshuka mpaka kwenye mashamba. Bi Shida aliwapa vitumbua. Alipoelezwa kwamba mrusha hasadi wake ni mzee anayemwita mwanawe, aliitua sahani yake chini.

"Na mimi nilimwambia Mungu amkate mikono," alisema.

Usiku ulinyesha. Si manyunyu ya kupita. Ilikuwa mvua nzito yenye upepo, ile inayowaambia watu wa Moshi kwamba masika yako mlangoni. Adija alilala macho akihesabu siku. Wiki moja labda, au chini yake, kisha mlima hufungwa mpaka Juni, na Juni jicho lile la kushoto litakuwa limekwisha. Alimwomba Mungu asubuhi moja tu. Aliomba kwa Kiarabu alichofundishwa na kisha, kwa sauti ya ndani, kwa Kichagga, asije akakosa kueleweka.

Asubuhi ya pili anga lilikuwa limeoshwa. Kilele cha Kibo kilisimama cheupe, msitu wa buluu chini yake, na chini ya msitu vihamba vya Old Moshi vikiwa vya kijani kibichi mpaka unahesabu migomba. Saa mbili na nusu walikuwa wameshaegemeza kioo kwenye mpera na Adija ameshapima kijiti chake. Bi Shida hakuwasha jiko.

Saa tatu ilifika, ikapita. Vyombo viligongana nyumba ya pili. Mwadhini alitoka msikitini na ndoo, akawatazama, akasalimu, akaenda zake.

"Labda leo hajaamka vizuri," alisema Sadallah.

"Nyamaza."

Ikawaka.

Ilikuwa kali kuliko alivyotarajia, nukta moja nyeupe inayoelekea buluu ukingoni mwa kijani, ndogo kama kichwa cha sindano na yenye nguvu ya kumfanya mtu akunje uso. Ilipepesa mara tatu. Ikazima. Ikayumba, ikapotea muda mrefu, kisha ikarudi upande, ikajisahihisha, ikapepesa tena. Moja, mbili, tatu. Panda nyumbani. Hapakuwa na ndege katika jambo hilo.

"Baba," alisema Adija.

Alichungulia tunduni. Kivuli cha tundu, alama ndogo nyeusi, kilikuwa kikicheza kwenye kijiti. Alikituliza, akakileta nchani, akamwambia mumewe ashike hapo na asipumue. Kioo kizima cha harusi kilijaa jua na kulitupa mlimani. Alihesabu polepole mpaka kumi. Kisha akakifunika kwa shuka, akakifunua, akahesabu tena kumi. Mwako mmoja mrefu. Mwingine. Nimekuona. Miaka sita yote aliitia ndani ya mwanga ule, kana kwamba mwanga una mahali pa kuwekea vitu.

Kule juu mipepeso ilikatika katikati. Mmoja, wa pili, na wa tatu haukuja.

Badala yake nyota iliwaka na kukaa. Haikupepesa, haikuyumba, ilikaa tu ikiwaka, kimya, kwa muda ambao hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuupima baadaye. Bi Shida alikuwa akilia waziwazi, akijifuta kwa upande wa khanga wenye unga.

Halafu ikaanza kufifia.

"Wingu?" aliuliza Sadallah.

Hapakuwa na wingu. Adija alisogea hatua chache kushoto, nyota ikafa kabisa. Alikimbilia kulia, mashariki, mpaka kwenye ukuta wa jirani, na pale ikawaka tena kwa ukali wote. Alisimama akiwa ameshika ukuta. Alielewa kabla hajataka kuelewa. Kioo cha baba yake kilikuwa kimebaki peke yake. Hakuna aliyekuwa akikigeuza. Jua la asubuhi linapopanda, mwanga unaotoka kwenye kioo kisichoguswa huinama, unakwenda mashariki kidogo kidogo na kupiga ardhi karibu zaidi na kule unakotoka. Nyota ya saa tatu ilikuwa ikiondoka Kiusa, ikirudi mlimani.

"Amekiacha," alisema. "Sadallah, amekiacha kioo. Ama ameinuka, ama ameanguka, ama amegeuka amekwenda zake kama siku ile."

Aliogopa, na chini ya hofu kulikuwa na hamu kubwa kuliko hofu, ile ya mtoto aliyesikia akiitwa na bado yuko mbali. Alifunga khanga yake kiunoni.

"Nenda," alisema Sadallah. Alikuwa bado amekumbatia kioo, jasho likimtiririka. "Hiki nitabaki nacho mimi. Mwako mmoja mrefu, sivyo?"

"Mmoja mrefu. Hesabu mpaka kumi."

"Sijawahi kusema na mkwe wangu hata neno. Wacha nianze na hilo."

Alitoka kwa lango la nyuma. Alipita vichochoro vya Kiusa akikata mashariki, kisha akashika barabara ya Kiboriloni, na kila baada ya hatua kadhaa alitupa macho juu. Nyota ilikuwapo. Ikififia alikaza mwendo, ikakolea. Watu waliokuwa wakienda sokoni walimpisha mwanamke aliyetembea akitazama mlima, vidole vyeusi, kichwa wazi, akijigonga kwenye mawe. Mwenye baiskeli alimtukana. Alitembea ndani ya mwanga wa baba yake kama mtu anayetembea chini ya mwavuli wa mwenzake, akijitahidi asiachwe nje.

Lakini jua lina mwendo wake, na nchi inapoinuka mwanga hukimbia kuliko miguu. Kabla ya Kiboriloni nyota ilipungua, ikawa uzi, ikazima. Alikimbia kidogo, haikurudi. Ilikuwa imemtangulia, inapanda mlima mbele yake, na mtu fulani huko juu kwenye mashamba pengine aliinua kichwa akashangaa kuona kitu kikimeta. Adija alisimama barabarani akihema. Aligeuka nyuma mara moja. Huko chini mjini, katikati ya mabati na miti, hakuona kitu, kwa maana mwanga wa Sadallah haukulengwa kwake.

Aliendelea kupanda.

Ilipofika saa tano mawingu yalikuwa yameufunika msitu, na barabara ilikuwa imeingia kwenye ubaridi wa migomba. Wanawake watatu walikuwa wakishuka na mikungu kichwani. Wa mbele, mama mtu mzima, alipunguza mwendo akamtazama kuanzia miguuni, vumbi jekundu mpaka magotini.

"Shimbonyi, mae," alimsalimu.

Adija aliitikia kwa Kichagga, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, ilivyotoka bila kukwama. Kisha akaongeza salamu ya mjini: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unapanda kwa nani, mwanangu, mbona mikono mitupu?"

"Kwa mzee Filemon, Kidia."

Yule mama hakuuliza zaidi. Labda alimjua, labda aliona tu uso wa mtu anayekwenda mahali pagumu. Alielekeza kwa kidevu kwenye ua wa kihamba kilichokuwa kando ya barabara, ua wa masale, majani marefu ya kijani yaliyosimama wima baada ya mvua. Kila aliyezaliwa mlimani anajua kwamba mwenye kosa akikujia na jani la isale mkononi huwezi kumnyima msamaha, hata ungekuwa na kiapo.

"Chukua hapo," alisema. "Mwenyewe hatakasirika."

Wanawake walishuka, wakipotea kwenye kona na sauti zao. Adija alikaribia ua. Alichagua jani zuri, akalivunja chini kabisa, akalifuta maji kwa khanga. Alipiga hatua tatu. Kisha akarudi na kuvunja la pili, la baba yake, endapo naye atahitaji kitu cha kushika.